Mwanangu, gari sitaki

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Nimefurahi kusikia mkeo na watoto hawajambo, na kwamba joto la Muscat limeanza kupungua.

Umeniuliza kwenye ule ujumbe wako mrefu: "Mama, kwa nini hutaki nikununulie gari, hata IST tu? Umevuka hamsini, mgongoni una kamera ya mamilioni, barabara imejaa bodaboda. Utapanda baiskeli mpaka lini?" Umeuliza kwa heshima, nami nakujibu kirefu, maana nikikujibu kwa mkato utadhani mama yako ana kiburi tu.

Hela ya mafuta siyo tatizo. Kazi zipo. Msanifu akimaliza jengo anataka picha za kumwonyesha mteja wa kesho, mkandarasi naye anataka zake, na hoteli hazikosekani. Ila watu wanadhani kupiga picha majengo ni rahisi kwa kuwa jengo halikimbii. Ni kweli halikimbii, lakini jua linakimbia. Dar ipo kusini ya Ikweta kwa nyuzi zisizofika hata 7, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Jengo lililoelekea kusini, miezi yote hiyo uso wake uko kivulini na anga nyuma yake imekuwa nyeupe pe. Mteja wa jengo hilo akinijia Juni namwambia asubiri Novemba. Wapo wanaonielewa. Wengine wanaenda kwa kijana atakayewapigia kesho yake na kuwabandikia anga ya bluu kwenye kompyuta. Nazijua anga hizo. Utaiona hiyo hiyo moja juu ya ghorofa la Masaki na juu ya ghorofa la Mikocheni, na wingu lake lile lile.

Sasa hayo ya jua nayajuaje? Kwa kupita. Hakuna ujanja mwingine.

Alfajiri natoka Magomeni, nashuka Jangwani, napanda Faya, naingia mjini. Pembeni mwa barabara ya mwendokasi kuna njia yetu ya baiskeli, ingawa siku hizi ni ya kila mtu: bodaboda, mikokoteni, mama wa vitumbua na jiko lake. Masika Jangwani ikijaa maji siendi popote, na mwenye gari naye haendi, hata mwendokasi linasimama. Siku nyingine zote, jua likichomoza mimi niko Kivukoni, naliona linavyoupata mnara wa Azania Front na yale mapaa mekundu ya vigae, kanisa la Wajerumani lililokamilika 1902. Nikiendelea na Sokoine Drive nafika Boma la Kale, la miaka ya 1860 ya Sultani Majid, kuta zake za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi, na nyuma yake maghorofa ya vioo yaliyolizidi kimo mara nyingi. Vioo vile vina jambo moja nililoligundua nikiwa juu ya baiskeli: kuna saa ya asubuhi vinarudisha jua chini mtaani, na ukuta ulio kivulini unapata mwanga wa kuazima kwa dakika chache. Mwanga huo ni laini, kivuli chake hakina makali. Ukiwa ndani ya gari kwenye foleni utauona wapi? Utaona bampa la daladala.

Halafu kuna Kisutu na mitaa yote ya Uhindini, zile nyumba za ghorofa mbili tatu ambazo mwenyewe aliandika jina lake na mwaka juu kabisa, kwa plasta. Hizo hakuna anayenilipa kuzipiga. Nazipiga kwa sababu zinakwenda. Ukiona mabati yamezungushwa leo, wiki ijayo mafundi wanang'oa fremu za mbao na nondo za madirisha wakauze, halafu inabaki shimo la msingi wa ghorofa jipya. Kwenye baiskeli nayaona mabati siku hiyo hiyo yanaposimamishwa. Nashuka, naegemeza, nabisha hodi, na mara nyingi mlinzi ananiruhusu kwa sababu mwanamke mwenye baiskeli na jasho usoni hamtishi mtu. Ningeshuka kwenye gari angeniambia nilete barua.

Barua nazo ninazo, usijali. Kila kazi natembea na barua ya mwenye jengo, na Ikulu, bandarini na vituo vya polisi kamera haitoki kwenye begi. Juzi askari mmoja wa getini alinisimamisha akasoma barua ya mteja wangu mstari kwa mstari, akaigeuza akasoma na upande wa nyuma usio na kitu, na jua langu likaisha.

Chukua soko la Kariakoo. Udogoni mwako nilikuwa nakushika mkono pale tukienda kununua samaki, na sidhani uliwahi kutazama juu. Beda Amuli ndiye aliyelichora, likajengwa miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kwa makusudi: mvua ikinyesha maji yanakusanyika humo, yanashuka na nguzo mpaka kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Sisi tunaweka matenki ya plastiki juu ya mapaa ya leo na kuona tumeendelea! Mwanga wake unaingia kwa pembeni, chini ya kingo za miavuli, na kuna saa unafika mpaka kwenye mafungu ya nyanya. Moto ulipolichoma Julai 2021 nilikuwa tayari na picha za soko lile za miaka mingi, za kiangazi na za masika, na hakuna hata moja niliyotumwa na mtu. Nilikuwa napita, nikaona mwanga, nikafunga baiskeli kwenye nguzo. Kariakoo gari ungeliegesha wapi? Na ukibahatika kupata nafasi, anayetoza ushuru wa maegesho ameshakuandika kabla hujazima injini.

Kuna na jambo la kiyoyozi, ambalo wewe wa Muscat utalielewa upesi. Kamera ikikaa kwenye gari lenye ubaridi, ukiitoa kwenye hewa hii yetu ya pwani kioo chote kinashika ukungu, na unasubiri mpaka ipate joto la nje ndipo uanze. Ukiifuta, ukungu unarudi. Mgongoni mwangu imeshazoea joto la mtaani, nikifika naanza. Na huwa haikai kwenye kerieri hata siku moja. Mtikisiko wa mashimo unalegeza skrubu za lenzi. Kwenye kerieri inakaa pampu na nguo ya kubadilisha. Stendi ya miguu mitatu naifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Hatari ipo, mwanangu, sikudanganyi. Konda wa daladala anaruka kabla gari halijasimama. Bodaboda anakuja na njia yetu, upande usio wake, hana taa. Barabara ya Mandela yenye malori ya bandarini sipiti kabisa, hata kama kazi iko Buguruni, nazunguka. Sikai ukingoni kwenye mchanga na vifuniko vya mitaro, nakaa pale dereva anaponiona, akipiga honi apige. Wapo wanaonitania, "Bibi, utaanguka!" nami nawaambia mkiniona chini mniokote.

Palipo na haki yako ni kwenye kazi za jioni. Zile ndizo zinazolipa vizuri kuliko zote: baada ya magharibi kuna kama robo saa ambapo anga bado ina bluu na taa za ndani zimelingana nayo, kisha giza linaingia moja kwa moja, maana huku kwetu machweo hayana subira. Saa kumi naanza kuhangaika na msimamizi wa jengo awashe taa kila ghorofa. Siku zote kuna mpangaji mmoja amefunga ofisi na kuondoka na ufunguo, na kwenye picha ghorofa lake linabaki jeusi kama pengo mdomoni. Tunampigia simu, tunambembeleza. Nikimaliza ni usiku, nimechoka, na barabara ya kurudi ina walevi. Kwa hiyo nimeamua: kazi za usiku baiskeli inalala kwa mlinzi pale pale kwenye jengo, mimi narudi na bajaji ya kijana wa hapa Magomeni Mapipa ninayemfahamu na mama yake namfahamu. Kesho yake naifuata kwa mwendokasi.

Hela ya gari basi usiitume, ada za watoto zipo. Ukitaka kunifurahisha nitafutie huko tairi mbili nene zisizopata pancha ovyo, za inchi 26, na taa ya nyuma ya kuchaji inayowaka hata mchana. Na helmeti, lakini pima ya kichwa chako maana vichwa vyetu ni saizi moja, na iwe nyeupe, nyeusi inachemsha ubongo. Mtu anayekuja Desemba abebe. Shangazi yako amesoma barua hii kabla sijaituma na anasema nikuulize: kama gari silitaki mimi, yeye je?

Mama yako.