Hiyo aya yako ya kwanza

Mwanangu,

Meseji yako nimeikuta jana usiku nishazima taa, unauliza insha ya Kinjeketile uianze na methali au na maana ya fasihi kama mlivyozoeshwa sekondari. Na ile aya uliyotuma, "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha kufikisha ujumbe kwa hadhira, tamthiliya hii imeandikwa na Ebrahim Hussein mwaka 1969...", nikamsomea baba yako kwa sauti, akauliza kwani hiyo ni taarifa ya habari? Tumecheka, usikasirike, hata mimi nilikuwa naanza hivyohivyo mpaka ile siku ya kidato cha tano.

Hiyo siku unaijua, nishawasimulia mpaka mmechoka, ila kuna kipande huwa nakiruka. Tulipewa swali la Kusadikika, kile kitabu cha Shaaban Robert. Nilikuwa nimekisoma mara tatu kwa koroboi, bibi yako ananigombeza namaliza mafuta. Nikaanza: "Mtu amesimama mbele ya baraza anashtakiwa, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria." Basi. Sikusema fasihi ni nini wala kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, nikajiona nimepaa kweli. Daftari likarudi na wino mwekundu, UTANGULIZI UKO WAPI? na tisa kwa ishirini.

Ninachokirukaga ni hiki. Mwalimu alisoma mbele ya darasa insha ya mwenzangu aliyepata kumi na sita, ile ya fasihi ni sanaa, halafu akasoma na ya kwangu ili watu wacheke. Hawakucheka. Wakanyamaza, na mmoja wa dawati la nyuma akaropoka, "Sasa ikawaje?" na wote kitabu walishakisoma! Mwalimu akafunga daftari. Mimi nikaenda kulia nyuma ya bweni na mpaka leo sijui nililia tisa au nililia lile swali.

Ndo maana nawaambiaga kitabu kwanza, fasihi baadaye.

Ingawa nikikaa nikifikiria, yule mwalimu namwonea. Mtihani wa taifa unasahihishwa na mtu aliyekaa na rundo la karatasi, anatafuta maana ya fasihi, jina la mwandishi, mwaka, akiviona anaweka tiki anaendelea. Alikuwa anatuvusha. Na mimi mwenyewe kwenye mtihani niliandika fasihi ni sanaa, nikafaulu, sasa nina mdomo gani? Ila wewe hauko kidato cha tano, lekchara wako anajua fasihi ni nini, ndo kazi inayomlisha, ukimwelezea unamchosha bure.

Halafu kuna bibi yako. Hajawahi kutuambia ngano ni utanzu wa fasihi simulizi. Alikuwa anasema paukwa, tunaitika pakawa, tunagombania mkeka. Utasema nayo si ni kawaida ileile ya kila siku, na ni kweli, maneno hayakubadilika hata usiku mmoja. Lakini paukwa inangoja mtu aitike. Fasihi ni sanaa haimngoji mtu. Kitabu kwanza, mwanangu, huko kwingine utakufikia aya ya pili, mwaka na mwandishi havikimbii.

Wiki iliyopita ulinitumia meseji saa sita usiku, hata salamu hukutoa: "Mama, wanamwambia aseme maji ni uongo, kwa nini hakusema tu?" Nikakaa kitandani. Ni Kinjeketile huyo, aliyewapa watu maji ya dawa wakapigane na Wajerumani. Mtu amefungwa, vita imeshawageukia, wenzake wamekufa wakiamini risasi zitageuka maji, neno moja tu linatakiwa na analikataa, eti watoto watakuja kuambiwa baba zao walikosea kupigana. Nilikujibu nini, sikumbuki, nadhani nilikwambia kalale.

Sisemi uanzie hapo. Insha ni yako, maksi ni zako, mimi cheti changu kiko kwenye sanduku la bati kinaliwa na mende. Nasema tu ile meseji bado ninayo kwenye simu sijaifuta, na ukiiweka pembeni ya hiyo aya yako utaona mwenyewe ipi imeandikwa na mtu aliyesoma.

Ya methali sijakujibu, najua. Hukuniambia ni methali gani. Kama ni Umoja ni nguvu, nazima simu siku mbili.

Mama yako