La Martinière ni shule ya nani?

Dada, umeuliza kama La Martinière, shule ya mjini Lucknow, kaskazini mwa India, ni ya Waingereza au ya Wahindi. Mwanzilishi wake wala hakuwa Mwingereza. Claude Martin alikuwa Mfaransa, mzaliwa wa Lyon, aliyeishia kuwa meja jenerali katika jeshi la Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu kubwa ya India. Alifariki mwaka 1800 akaacha wosia kwamba mali yake ijenge shule Lucknow, Calcutta na kwao Lyon. Ya Lucknow ilifunguliwa 1845 ndani ya kasri lake, Constantia, na yeye mwenyewe amezikwa humo humo, chumba cha chini. Wavulana wanasoma juu ya kaburi lake! Mwaka 1857 askari wa Kihindi wa Kampuni walipoasi, wanafunzi walihamishiwa ndani ya Residency, boma la Waingereza mjini humo lililozingirwa na waasi, wakawa wanabeba maji na kuhudumia majeruhi.

Sasa kuna neno "Anglo-Indian", ambalo shule za aina hii huitwa. Katiba ya India, ibara ya 366, inamtaja Anglo-Indian kuwa mtu mwenye asili ya Kizungu upande wa baba, aliyezaliwa na familia iliyoweka makazi India. Shule za jamii hiyo zilipata ruzuku ya serikali, lakini ibara ya 337 ilidai angalau asilimia 40 ya nafasi za kila mwaka ziende kwa watoto wa jamii nyingine. Hapo ndipo moyo wangu ulipo: jamii ndogo namna ile imesomesha watoto wa Kihindu, Kiislamu na Kisingasinga vizazi kwa vizazi.