GMAT kwa sisi tuliosoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba: usianze na orodha za maneno

Dada, nimelisoma swali lako vizuri. Wewe ni mhasibu, una miezi sita, unataka kufanya GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, ili uombe MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje, na hofu yako kubwa ni Kiingereza kwa sababu shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili. Umepanga miezi mitatu ya kwanza iwe ya kozi ya Kiingereza na kukariri maneno magumu, kisha miezi mitatu ya mwisho ndiyo uuguse mtihani. Mimi nami ni wa shule ya msingi ya serikali, Kiingereza cha darasani nilikutana nacho kidato cha kwanza, na mtihani huu niliufanya nikiwa kazini. Ushauri wangu: huo mpango upindue. Anza na mtihani wenyewe wiki hii, Kiingereza unachokihitaji utakijenga humo humo.

Sababu ni kwamba GMAT ya sasa siyo ile ambayo kaka zetu walituhadithia. Toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likaondolewa mapema 2024. Maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi yametoka. Insha imetoka. Sehemu ya lugha sasa ina mambo mawili tu: kusoma vifungu vya habari na kujibu maswali, na kuchambua hoja fupi, ile wanayoiita Critical Reasoning. Hakuna swali hata moja linalokuuliza maana ya neno la kamusi. Zile orodha ndefu za maneno zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp nyingi ni za GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, ambako kweli kuna maswali ya kujaza neno lililoachwa wazi. Ndiyo maana mtu wa historia yetu anaponiuliza GMAT au GRE, na hesabu zake siyo mbaya, namwambia GMAT.

Mtihani wote ni saa mbili na robo, maswali 64, sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, na sehemu ya takwimu, Data Insights, maswali 20. Kila sehemu inapewa alama kati ya 60 na 90, na alama ya jumla ni kati ya 205 na 805. Piga hesabu ya sehemu ya lugha: dakika 45 kwa maswali 23 ni chini kidogo ya dakika mbili kwa swali, na humo humo ndimo unasoma vifungu. Hapo ndipo ugumu wetu ulipo. Maneno tunayajua. Tunachokosa ni kuishika hoja kwa usomaji mmoja, bila kurudi nyuma mara tatu.

Nikupe mfano wa hoja, nimeutunga kwa mazingira yetu. Mji fulani uliongeza mabasi ya mwendokasi. Mwaka uliofuata foleni ikapungua. Mwandishi anahitimisha kwamba mabasi ndiyo yaliyopunguza foleni. Unaulizwa: lipi kati ya haya linadhoofisha hitimisho? Jibu moja linasema mabasi yale yalikuwa na viti vizuri. Jingine linasema abiria wengi waliyasifu. Jingine linasema mwaka huo huo bei ya petroli ilipanda sana na watu wengi wakaacha magari yao nyumbani. Kwa Kiswahili unaliona jibu papo hapo: kuna sababu nyingine iliyoweza kupunguza foleni. Kwa Kiingereza, akili ikiwa imechoka, mkono unavutwa na lile jibu lenye maneno mengi yaliyotajwa kwenye hoja, yaani mabasi na abiria. Watunga mtihani wanalijua hilo, na majibu ya mtego wameyapanga hivyo makusudi.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni hili. Kila baada ya kusoma hoja au aya, kabla sijayatazama majibu, nilifunika skrini kwa mkono na kusema kwa sauti, kwa Kiswahili, sentensi moja: huyu anadai nini, na anajengea juu ya nini. Nikishindwa kusema, basi sijaelewa, hata kama kila neno nalijua. Wapo watakaokwambia ufikiri kwa Kiingereza tu. Sikubaliani nao kwa hatua za mwanzo. Kiswahili ndicho kipimo chako cha uaminifu, kwa sababu ndani yake huwezi kujidanganya kwamba umeelewa. Baada ya wiki kadhaa niliona siifanyi tena kwa sauti, halafu nikaona siihitaji kabisa, hoja inakaa kichwani yenyewe.

Maneno ya kuyashika yapo, lakini ni machache na ni ya kawaida kabisa: unless, only if, although, despite, except, at least, at most. Hayo ndiyo yanayogeuza maana ya sentensi nzima. Ukikosea unless, umekosea swali hata kama umeelewa kila kitu kingine. Yaandikie sentensi zako mwenyewe za ofisini kwako, za mikopo na hesabu za mwisho wa mwezi, mpaka yawe mepesi.

Kwa usomaji wa vifungu, soma kila siku makala moja ndefu ya Kiingereza kuhusu jambo usilolipenda. Mimi nilikuwa nakimbia makala za sayansi, kwa hiyo ndizo nilizojilazimisha. Vifungu vya mtihani vinatoka kwenye sayansi, historia, jamii na biashara, na majibu yote yamo ndani ya kifungu, huhitaji kujua lolote kabla. Ukisoma, usiandike tafsiri ya maneno. Andika pembeni kazi ya kila aya: hapa analeta nadharia ya zamani, hapa anaipinga, hapa anatoa ushahidi.

Hesabu sitakaa nazo sana, wewe ni mhasibu. Jiometri haimo tena, kikokotoo hakiruhusiwi kwenye sehemu ya hesabu, na mengi ni asilimia, uwiano, milinganyo, na sifa za namba: namba tasa, baki, KDS na KKS tulizosoma shule ya msingi. Unayajua yote, yavalishe tu majina yake ya Kiingereza. Aliyesoma HKL au HGL atahitaji muda zaidi hapa kuliko aliyesoma EGM.

Sehemu ya takwimu ina kikokotoo, ila usiidharau, maana maswali yake mengine yana usomaji mrefu kuliko ya lugha. Kuna aina moja inayokuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Majibu yake matano ni yale yale siku zote. Yashike kichwani usiyasome tena, na muda huo upeleke kwingine.

Sasa ratiba. Kwenye tovuti rasmi ya mtihani kuna majaribio mawili ya bure. La kwanza lifanye Jumamosi hii, bila kujiandaa, ujue unaanzia wapi. La pili lifungie mpaka mwezi wa mwisho. Baada ya hapo, lugha iwe kila siku bila kukosa, hata maswali matano tu, na iwe alfajiri kabla ya kazi, siyo usiku ukiwa umetoka kwenye foleni. Hesabu na takwimu zinaweza kusubiri jioni na Jumamosi. Miezi miwili ya kwanza fanya maswali ya lugha bila saa. Hili nalisisitiza: anayejipima kwa saa kabla hajaelewa anajifunza kubahatisha haraka. Usahihi ukitulia, ndipo uanze kubana muda.

Weka daftari la makosa, lakini usiandike jibu sahihi peke yake. Andika kilichokuvuta kwenye jibu baya. Mimi ndivyo nilivyogundua kwamba makosa yangu mengi yalikuwa ya aina mbili tu. Alama yangu ya lugha ilipanda kutoka 76 kwenye jaribio la kwanza hadi 83 siku ya mtihani, na naamini daftari hilo lina sehemu kubwa.

Siku yenyewe unachagua uanze na sehemu ipi. Anza na lugha, akili ikiwa mbichi. Swali likikukaba, chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Mwisho wa sehemu unaruhusiwa kubadilisha majibu hadi matatu muda ukibaki. Usiache maswali ya mwisho bila kujibu, yanakushusha.

Mambo ya karatasi nayo yasikugharimu. Jina utakalojisajilia lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na sisi wa majina matatu tuwe makini zaidi hapo. Ada inakaribia dola 300, na ukitaka kurudia lazima zipite siku 16. Matokeo ya GMAT yanadumu miaka mitano, ila ya mitihani ya Kiingereza, TOEFL na IELTS, ni miwili, kwa hiyo usikimbilie kuzilipia. Shule nyingi zinakusamehe mtihani wa Kiingereza kama shahada yako ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza. Omba barua ya uthibitisho chuoni kwako mapema, maana inaweza kuchukua muda.

Ukishafanya lile jaribio la kwanza, weka hapa alama za sehemu zote tatu, nikusaidie kuzigawa saa zako za wiki.