PSA ya mzee imepanda: dawa imeshindwa?

SWALI: Baba yangu ana miaka 71, tupo Kongwa. Ana saratani ya tezi dume iliyoshafika kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, na anachomwa sindano ya homoni kila miezi mitatu. PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ilianza 186, ikashuka hadi 31, kisha 9.2. Juzi tumepima maabara ya binafsi pale Dodoma mjini, imekuja 13.8. Sindano ya mwisho ilichelewa wiki tatu kwa ajili ya nauli, na siku ya kupima mzee alikuwa amewekewa mpira wa mkojo. Ndugu wanasema dawa imeshindwa, tuachane nayo. Tufanyeje? – Binti wa Kongwa

JIBU: Pole sana na kuuguza. Sindano msiiache. Hiyo 13.8 peke yake haitoshi kusema dawa imeshindwa, na barua yako imeshataja sababu za kuitilia shaka.

Tuanze na sindano, maana hapo ndipo penye uzito. Kazi yake ni kushusha homoni ya testosteroni inayolisha saratani hii. Sindano ikichelewa, homoni inaweza kurudi na PSA ikapanda nayo. Kwa hiyo mkirudi kliniki ombeni PSA na testosteroni zipimwe kwa damu ya siku moja. Testosteroni inatakiwa iwe chini ya 50 kama maabara inatumia ng/dL, au chini ya 1.7 kama inatumia nmol/L. Soma herufi zilizo mbele ya namba kabla hujashtuka: 35 ya maabara moja na 1.2 ya maabara nyingine ni kiasi kilekile. Testosteroni ikikutwa juu, tatizo lipo kwenye sindano. Ikikutwa chini na PSA bado inapanda, hapo saratani imeanza kukua bila kuitegemea homoni hiyo, na daktari ataongeza dawa nyingine. Hata hapo, kwa kawaida sindano ya homoni huendelea.

Kama sindano mnainunua wenyewe famasi, ulizeni inavyotunzwa. Goserelini, kwa mfano, haitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na mchana wa Dodoma mwezi wa kumi na moja unavuka hapo bila shida. Nunueni siku ileile ya kuchoma, na msiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Mpira wa mkojo nao hupandisha PSA, sawa na mkojo kuziba au maambukizi ya njia ya mkojo, bila saratani kuongezeka hata kidogo. Mwelezeni daktari tarehe uliyowekwa na tarehe uliyotolewa ili aamue lini kipimo kirudiwe. Kisha kuna suala la maabara: mashine za PSA hazifanani, na damu ileile inaweza kutoa namba tofauti mahali pawili. Shikeni maabara moja, ikiwezekana ya hospitali anakotibiwa, hata kama ya nje inatoa majibu haraka.

Namna ya kusoma kupanda kwenyewe ni hii. Watu hulinganisha na kipimo kilichopita. Linganisheni na namba ya chini kabisa aliyowahi kuifikia tangu aanze dawa, kwa mzee ni 9.2. Ongezeni robo yake, yaani 2.3, mtapata 11.5. PSA ikifika hapo, na ikiwa imepanda kwa angalau 2, ni dalili ya kufuatiliwa. 13.8 imeshapita hapo, kwa hiyo msiipuuze. Ila lazima ithibitishwe na kipimo cha pili, wiki tatu au zaidi baadaye.

Nunueni kaunta buku moja kwa kazi hii tu. Chora safu za tarehe, maabara, PSA, testosteroni, wingi wa damu na kreatinini, kila namba na kipimo chake mbele. Kreatinini msiiruke: ikipanda, huenda mkojo umeziba na figo zinaumia. Safu ya mwisho iwe pana kuliko zote, iitwe “yaliyotokea”. Kwa mfano: “PSA 13.8, maabara ya nje, sindano imechelewa wiki 3, ana mpira, mgongo unauma usiku.” Wengi huiacha tupu, wakati ndiyo inayomsaidia daktari kuelewa namba. Majibu yaliyochapwa kwenye karatasi laini kama ya risiti hufifia, kwa hiyo yapigeni picha siku ileile.

Jambo moja halisubiri daftari. Mzee akianza kulegea miguu, kufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, au kushindwa kuzuia haja, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo hata kama PSA ya jana ilikuwa nzuri. Huenda saratani inabana uti wa mgongo, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena.

SWALI: Mama ana saratani ya titi iliyosambaa, anapewa kemo kila wiki tatu. Mara mbili tumesafiri kutoka Manyoni tukarudishwa, eti chembe nyeupe ziko chini. Tunampa juisi ya rozela. – Msomaji, Manyoni

JIBU: Rozela anywe kama kinywaji tu, haipandishi chembe nyeupe. Kemo ndiyo inayozishusha, mara nyingi zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda zenyewe. Kwenye karatasi ya picha nzima ya damu tafuta mstari wa NEU#, yaani idadi ya neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi; usichanganye na NEU% iliyo karibu yake, ambayo ni asilimia. Kwa dawa nyingi za kemo inatakiwa 1.5 au zaidi, na chembe sahani (PLT, zinazogandisha damu) 100 au zaidi, ingawa daktari wake anaweza kuweka kiwango kingine. Kama karatasi ina asilimia tu, zidisha: chembe nyeupe 3.0 na NEU% 40 ni 1.2, haitoshi.

Kubalianeni na kliniki apimwe hospitali ya wilaya siku moja au mbili kabla, mtume picha ya majibu, mpande basi baada ya kujibiwa. Wekeni pia kipimajoto nyumbani. Joto likifika 38 ndani ya siku hizo za chembe kuwa chini, msimpe panadol mkasubiri asubuhi: mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mkifika tu semeni yuko kwenye kemo.