Mwizi akifia uani, nimvute ndani?

SWALI: Wakili, naishi pembezoni mwa Morogoro na wezi wa pikipiki wametuchosha. Chini ya kitanda nina panga. Mzee mmoja hapa mtaani anasema mwizi akifia uani nimvute ndani kabla polisi hawajafika, hapo sheria itanilinda. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na huyo mzee anakutafutia kitanzi. Naulizwa hili kila mara, tena na watu waliosoma.

Sheria haipimi kizingiti cha mlango. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujitetea, kumtetea mwenzako na hata kutetea mali, kwa nguvu inayolazimu tu. Inafika hadi kuruhusu kuua, kwa mfano ukiwa na sababu ya kuhofia kuuawa au kuumizwa vibaya, au ukizuia ubakaji au unyang'anyi. Jaji ataitazama dakika ile: alishika nini, alikuwa anakujia au anakimbia? Aliyekwisha kuitupa pikipiki na kuparamia ukuta, ukimfuata ukamkata kisogoni, hujitetei. Unalipiza.

Sasa mburute. Damu inabaki uani, mgongo unachubuka, visigino vinajaa udongo. Daktari anayechunguza maiti ataandika anachokiona, na ramani ya eneo la tukio itaonyesha damu ilipoanzia. Huenda ulikuwa na utetezi mzuri kabisa. Umeuzika mwenyewe kwa uongo ambao hata mpelelezi mvivu atauona. Piga 112, usiguse kitu, na uombe wakili kabla ya kuandika maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa.

Ukizidisha nguvu mtu akafa, ni kuua bila kukusudia, na kifungo chaweza kufika maisha. Ikithibitika ulikusudia, ni kunyongwa. Kesi ya mauaji haina dhamana: utakaa rumande ukisikia "upelelezi haujakamilika", huku vishoka wa nje ya mahakama wakila pesa za mkeo kwa ahadi ya "kuimaliza".

Na ninyi mnaotoka na matofali mkisikia "mwizi!", mtu aliyekwisha kufungwa kamba anamtishia nani? Kuna kitu kinaitwa nia ya pamoja. Aliyeleta petroli na aliyerusha jiwe moja wanaweza kupanda kizimbani pamoja kwa mauaji yaleyale, na siku hizi ushahidi mnaurekodi wenyewe kwa simu.