Mwanza hadi Guangzhou ni saa ngapi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Sengerema ameniandikia: "Dada, kutoka Mwanza hadi Guangzhou ni kilomita ngapi, na ndege inachukua saa ngapi?" Nimefurahi kuulizwa, kwa kuwa swali hilo niliwahi kujijibu mwenyewe vibaya, na nikalipa.

Kwa njia fupi kuliko zote ni kama kilomita 9,100, karibu robo ya mzingo wa dunia. Ndege kubwa huenda takriban kilomita 900 kwa saa, nami nikagawanya, nikapata saa 10, nikalala usingizi. Kumbe ilinibidi nipite Dar es Salaam, kama kilomita 850 na saa moja na nusu angani, kisha Addis Ababa, karibu saa tatu nyingine, ndipo ije ile safari ndefu ya kilomita 8,000 inayokula saa kumi hivi. Ukijumlisha na kusubiri viwanjani, siku nzima imekwisha, na China wametutangulia saa 5. Kurudi ni kurefu zaidi, maana huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi na ndege hupambana nao.

Hata hivyo, kilichoniangusha ni tarehe. Tiketi yangu ya kutoka Dar iliandikwa 13 Aprili, 02:45, yaani saa tisa kasorobo, usiku wa kuamkia tarehe 13. Mimi nikasoma "tarehe 13, usiku". Nikashinda siku hiyo kwa dada yangu Tabata, nikala, nikasali, na saa tano usiku nikafika uwanjani na begi langu nililolifunga kwa kamba ya manila. Binti wa kaunta aliitazama tiketi, akanitazama, akasema kwa upole, "Mama, ndege hii imeondoka usiku wa kuamkia leo." Aliyeniuzia tiketi hakuwa amenitamkia neno hata moja kuhusu saa hiyo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Maonesho ya Canton, yaani maonesho ya biashara ya huko Guangzhou niliyokuwa nikiyaendea, hufunguliwa tarehe 15 Aprili, na awamu ya kwanza, yenye mitambo na vifaa vya umeme, ni siku 5 tu. Nilifika zimebaki mbili. Mwenzangu wa soko la Makoroboi, hapa Mwanza, ambaye tulipanga kuagiza pamoja taa za sola za wavuvi wa dagaa, alikwisha kuagiza peke yake.

Tangu hapo nimekwenda mara nne bila kuchelewa, na usiku usio na mbalamwezi nikitazama ziwani naona taa nilizozileta mimi. Ndugu zangu, someni saa ya tiketi kwa saa zetu za Kiswahili, siyo kwa kubahatisha. Saa hiyo iandikeni kwa kalamu pembeni. Someni tena tarehe, kisha mpeni mtu mwingine aisome.

Nawe mdogo wangu wa Sengerema, nitumie ratiba yako kabla hujalipa. Kitu cha kwanza nitakachokuuliza ni hiki: usiku huo ni wa kuamkia tarehe gani?