Goti linauma, eksirei ya goti safi: angalieni nyonga

Mmeuliza kama goti la mama yenu linaweza kuuma wakati eksirei yake haionyeshi kitu. Ndiyo, linaweza kuuma huku ugonjwa uko kwenye nyonga. Mishipa ya fahamu ya nyonga hupeleka matawi hadi gotini, na mimi kama mfiziotherapia naona hili likipitwa mara nyingi, maana mgonjwa mwenyewe anaonyesha goti kwa kidole. Mama alale chali, mkunjie nyonga na goti nyuzi 90, kisha peleka unyayo nje taratibu. Akishika kinena kwa maumivu, au mguu ukagoma kugeuka kama mwenzake, ombeni eksirei ya nyonga, si ya goti tena. Maumivu ya ubavuni mwa nyonga, yale ya kushindwa kulalia upande, mara nyingi ni kano tu (nyuzi zinazofunga msuli kwenye mfupa).

Ila kama ana selimundu au ametumia steroidi muda mrefu, hata eksirei safi ya nyonga isiwatulize: kichwa cha fupa la paja huweza kuanza kufa kabla picha haijaonyesha, MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ndiyo huwahi kuona. Na kama alianguka na hawezi kukanyagia, usimzungushe mguu kabisa, mpeleke hospitali leo.